Inaendaga Kushoto

Risasi ya tano ilipita kwenye tundu lile lile la zile nne za kwanza. Ryoba alishusha bunduki ya upepo, akakunja mtutu kuhakikisha hamna kitu ndani, ndipo akatembea hatua ishirini na tano hadi kwenye boksi alilokuwa ameliegemeza kwenye kichuguu nyuma ya karakana yake, pale Bunda. Tundu moja tu, upana wa punje ya hindi.

"Umeona mwenyewe," alimwambia Ephraim, mteja aliyefika asubuhi ile kutoka Buswahili. "Haiendi kushoto hii."

"Inaendaga, fundi," Ephraim aling'ang'ana. "Siku ile lililengwa papai, risasi ikaenda kushoto. Wewe niandikie tu kwamba ni mbovu, ugonge na mhuri."

Kwenye benchi, chini ya bati, Marieta, mke wa Ephraim, alikaa, bandeji imefunika jicho la kulia. Hospitali walikuwa wamelitoa jicho hilo wiki mbili nyuma. Usaha ulikuwa umelowanisha ukingo wa bandeji, na inzi hawakumpa nafasi. Ephraim akainama, akampepea kwa kofia yake, akamfuta shavu kwa leso, taratibu kabisa.

Ryoba akageuka pembeni, akatema mate. Usaha aliuvumilia. Upole ule ndio uliomshinda.

Kazi yake ya kila siku ilikuwa pampu za kupulizia pamba, lakini kwa bunduki za upepo, wilaya nzima ilimjua yeye. Alishaletewa bunduki zenye damu iliyokauka kwenye kitako, wenyewe wakisimulia kwa kicheko walivyompiga mbwa wa jirani. Hao aliwafukuza. Ila mtu aliyemng'oa mkewe jicho, kisha akamburuta mpaka Bunda aje ashuhudie uongo ukigongwa mhuri, huyo hakuwahi kumwona.

"Hii si manati," alisema. "Ukiishika, hata kama unajua haina risasi, mtutu unatazama chini. Kidole hakifyatui mpaka umeona nani yuko nyuma ya unachokilenga. Hawakukwambia ulipoinunua?"

"Sikuinunua mimi. Ilikuwa ya baba mkwe, marehemu."

"Sasa unamsingizia na marehemu!" Ryoba akamsukumia bunduki kifuani. "Haya, nioneshe ulivyolenga."

Ephraim aliipokea kama mtu aliyepewa sufuria la moto. Akahangaika na mtutu, akauvuta huku na kule usikunjike, mara ukageuka ukamtazama Marieta usoni. Ryoba aliruka akaunyakua.

"Unajifanya hujui! Mbele yangu!"

"Fundi, nakuomba," Ephraim alisema. "Kesho saa tatu kesi inatajwa. Bila karatasi yako hatuna kitu."

Ryoba alivuta kiti, akachukua karatasi na kalamu, akaandika akibonyeza mpaka karatasi ikataka kutoboka: *Nimeijaribu bunduki hii mara tano. Ni nzima. Inapiga pale pale inapolengwa.* Akagonga mhuri, akaweka sahihi, akamkabidhi. Kisha akasugua viganja vyake kwenye suruali, kama aliyeshika mzoga.

Ephraim alisoma. Akasoma tena. Akaikunja karatasi, akaiweka kwenye mfuko wa shati, akatoka kwenda bombani nje. Maji yakasikika yakimwagika muda mrefu.

Ryoba akasogea karibu na Marieta, akashusha sauti.

"Mama, nisamehe kukwambia hivi, ila ni haki yako ujue. Haikuwa bahati mbaya. Aliyefyatua alikusudia kupiga mtu. Usimwonee huruma. Akaozee jela huko."

Marieta alimtazama kwa jicho lake moja, akatazama mlangoni alikopotelea mumewe.

"Ameshalala mahabusu wiki mbili, fundi," alisema. "Ni mama yangu mzazi. Alikuwa anamlenga huyu mume wangu, mimi nikapita katikati."