Professa wa Sarafu

"Ngojeni! Sayansi haiharakishwi," Murunga alisema, akamwaga sarafu za mkebe sakafuni.

Vijana wenye viberiti wakangoja. Tangu matokeo ya kura yatangazwe, mtaa wetu wa Sarang'ombe ulikuwa na sheria moja: nyumba ya wetu inaachwa, ya wao inachomwa. Nyumba hii walikuwa wameivunja kufuli jipya, wakakuta mizigo bado imefungwa kamba. Majirani wa kuulizwa walishatoroka. Lakini msomi walikuwa naye. Miezi mitatu Murunga aliwabebea mchanga watu waliochimba magofu huko Pwani, akarudi na cheo cha Professa, alichojipa mwenyewe ndani ya basi. Ndivyo watoto wetu wanavyopata digrii siku hizi.

"Sarafu humtaja mwenyewe," Professa akaanza. "Hata mfalme aliyekufa zamani hizo, tulimjua hivyo. Hizi ni shilingi moja moja, na zinanuka samaki wa omena. Mwenye nyumba ni mama, anauza omena kwa mafungu."

"Aki Professa, wewe ni moto!"

"Hakuna kobole ya tano, hakuna ashuu ya kumi. Kubwa zote zimechotwa. Huyu mama ana mtoto, jitu zima, linamwibia."

Wakacheka. "Mtoto kama huyo ni wa kuchapwa," Maurice akasema. Murunga akacheka kuwashinda wote.

"Lakini Professa, omena si ni chakula ya watu wetu?"

"Omena haijaandikishwa kupiga kura, Maurice. Nipe hiyo leso."

Kwenye pembe ya leso palikuwa na fundo, na ndani ya fundo sarafu moja ya shilingi arobaini, ile yenye uso wa rais, yule wa wao. Professa akaifuta kwa shati, akaigeuza, akakunja uso kama daktari.

"Ona vile amemfunga vizuri. Mtu hufichwa hivi akipendwa. Hawa ni wao. Washeni."

Elimu ikawaka. Mabati yalikuwa yameanza kujikunja wakati mama mmoja alipotokea mbio upande wa Ayany, beseni kichwani, ufunguo mkononi. Maurice akataka kumzuia. Mama akampita, akaenda moja kwa moja kumshika Murunga mkono.

"Asante Mungu umefika, mwanangu! Jana tu nimehama Kawangware nikae karibu na wewe. Waambie hawa wenzako walete maji!"