Ukuta wa Ziwani

Mpira wa Xaveri ulipaa, ukavuka vichwa vya mabeki, ukatua pembeni mwa boksi mahali ambapo hapakuwa na mtu.

"Muharami yuko dukani kwa mjomba wake!" kipa Hamphrey alipaza sauti kutoka golini. "Mpelekee hukohuko!"

Wachezaji wakacheka. Kilian hakucheka. Alikuwa amechelewa tena kuufikia mpira, kama jana, kama juzi. Kwa muda mrefu timu ya chuo ilikuwa na mchezo mmoja tu: Xaveri anapiga mpira mrefu, Muharami anaupokea, watu wanashangilia. Sasa Muharami alikuwa anatembelea magongo, na jezi yake namba tisa ilikuwa mwilini mwa Kilian, imempwaya mabegani.

"Tupige fupifupi," Xaveri alimwambia. "Wewe njoo kwangu, usikimbilie mbali. Tutazoeana."

Kilian aliitikia, lakini kilichomnyima raha hakikuwa pasi. Jumamosi wangeshuka ziwani kucheza nusu fainali na chuo kilekile, kwenye uwanja uleule ambako Muharami alivunjika mguu mwezi wa tatu. Kilian hakuwa kwenye timu wakati ule, na waliokwenda hawakupenda kusimulia. Alichopata kwa nahodha Bartholomayo kilikuwa sentensi moja tu.

"Siku ile Muharami hakugusa mpira hata mmoja."

Ukuta wa timu ile ulikuwa na jina: Ignatio, beki wa kati, ambaye kwenye picha alionekana kama kabati lililovalishwa jezi.

Kilian alipiga simu nyumbani. Mama yake alimsikiliza mpaka mwisho.

"Cheza, baba, sikukatazi," alisema. "Ila kahawa imeiva, na mteremko wa shamba letu unaujua. Nirudishie miguu miwili."

Wiki ile, kila mazoezi yalipokwisha, Mwalimu Meshack alimbakiza uwanjani peke yake na kumrukisha tena na tena.

"Kuruka unajua, kutua hujui! Kunja magoti! Ukiwa juu, fikiria chini!"

Kilian akaelewa kwamba vita yake na Ignatio itakuwa ya mipira ya juu. Usiku ule magoti yalimuuma hata kabla ya kuguswa na mtu.

Ijumaa alikwenda dukani. Alimwamkia mjomba, Mzee Abdulazizi, aliyekuwa akipima sukari, kisha akaketi kwenye gunia la mchele kando ya magongo ya Muharami.

"Kaka, ilikuwaje?"

Muharami alitazama barabarani. Lori la makaa ya mawe lilipita, naye akasubiri vumbi litulie.

"Ule ukuta wao, mdogo wangu. Niliuona wa kawaida tu. Nikauendea kwa kasi."

"Na refa?"

"Refa hakuona kitu."

Nyuma ya mzani Mzee Abdulazizi alitoa kicheko kidogo, kisha akajifanya anakohoa. Muharami akainamisha uso.

"Wewe usiende kwa kasi," alisema polepole. "Nakuomba."

Kilian hakuwahi kumsikia Muharami akimwomba mtu kitu. Aliondoka dukani akihisi miguu yake ni ya kuazima.

Jumamosi basi lilianza kuteremka zile kona za kwenda ziwani. Masikio yakaziba. Ziwa likachungulia katikati ya milima, likajificha, likachungulia tena. Kilian alifunga kamba za viatu, akazifungua, akazifunga upya. Kwenye kiti cha jirani, Xaveri alikuwa anasoma simu.

"Ignatio kaandika," alisema. "Anauliza namba tisa mpya ana kilo ngapi."

Basi zima likamgeukia Kilian.

"Mwambie sitini na mbili," Hamphrey alisema, "na mama yake bado anamhitaji."

Wakacheka, hata dereva. Xaveri akaijibu kweli ile meseji. Kilian aligeukia dirishani ili wasimwone macho.

Walivalia jezi humohumo ndani ya basi, maana Bartholomayo hakutaka mtu yeyote akanyage vyumba vya wenyeji. Walipofika, geti la uwanja lilikuwa wazi kabisa. Mama mmoja aliyekuwa akiuza samaki wa kukaanga aliwapungia mkono. Basi likapita bila hata kupunguza mwendo.

"Mbona tunapita?" Kilian aliuliza.

"Unajua wamefukia nini pale?" Bartholomayo alijibu. "Timu yenye akili haiingii kwa geti la wenyeji. Zunguka nyuma, dereva."

Nyuma kulikuwa na matofali ya kuchoma yaliyopangwa kwenda juu, kumzidi mtu mrefu. Ng'ambo ya pili zilisikika ngoma za mashabiki.

"Namba tisa kwanza," Bartholomayo alisema. "Ndiyo kawaida yetu."

Xaveri aliinama. Kilian akapanda mgongoni mwake, akashika ukingo, akajivuta. Alipotazama nyuma, Mwalimu Meshack alikuwa amegeukia barabarani, mikono usoni.

Kisha akatazama ndani. Chini yake kabisa alisimama Ignatio, mkubwa kuliko kwenye picha, na wenzake watatu, kila mmoja ameshika pembe ya godoro la bweni.

"Rukia katikati, ndugu yangu," Ignatio alisema. "Mwezi wa tatu hatukuwa na godoro."