Oili ya Kupandia Mlima

"Nzito au nyepesi?" Felisian, fundi wangu, aliuliza kutoka uvunguni mwa pikapu.

Siku za kazi nabeba abiria wa Laela, na baridi yetu ya asubuhi inataka oili nyepesi. Jumamosi madereva tunashindana kupandisha samaki kutoka Kasanga, na joto la mlima ule linataka nzito. Gari la kwanza sokoni linauza. La pili linauzia nzi.

"Chagua, kaka! Enzi za foleni za oili zimepita, maduka yamejaa."

"Mwaga kwanza ya zamani."

Alifungua nati. Hakikutoka kitu. Kisha oili ikaning'inia, ikavutika kama uji wa ulezi uliopoa, isikatike.

Felisian aliacha utani. Aliifikicha kwa vidole viwili, akaninyooshea mkono. Chembe za chuma zilimetameta.

"Hii ni oili ya gia," alisema kwa sauti ya chini. "Aliyekuuzia aliitia ili injini isigonge."

"Nikitia nyepesi?"

"Itagonga hapahapa, tangu kuwasha."

"Nzito?"

"Itanyamaza. Ila mlimani itakufa."

Mke wangu alikuwa nyuma ya gari, anapanga matenga ya samaki. Pikapu hii niliinunua mwezi uliopita kwa ng'ombe wa mahari ya binti yetu. Mke wangu alikataa wasiuzwe, mpaka nilipoiwasha mbele yake akasikia ilivyotulia.

"Baba Kulwa, washeni twende!" mke wangu aliita.

"Nzito," nilimwambia Felisian.