Kombe la Mzee Shehe

Tuhfa alikisaga kidonge katika kinu cha iliki mpaka kikawa unga, akaumimina ndani ya bilauri ya kombe na kukoroga. Rangi ya zafarani ilificha kila kitu. "Mungu nisamehe," akanong'ona, kama alivyonong'ona kila alasiri tangu Ramadhani iishe.

Baba yake, Mzee Shehe, alikuwa ameapa kwamba dawa ya hospitali haitaingia kinywani mwake. Saratani ya pafu aliikubali, picha za kifua alipigwa bila ubishi, maana picha haimezwi. Alichotaka kunywa ni kombe la Mwalimu Idarusi tu, aya zilizoandikwa sahanini kwa zafarani zikaoshwa kwa marashi. Basi Tuhfa akampa yote mawili kwa mkupuo mmoja.

Vidonge vyenyewe havikuwa vya kila mtu. Kipande cha pafu la mzee kilisafirishwa ng'ambo kikapimwe vinasaba, ndipo bima ya Tuhfa, mwalimu wa serikali, ikakubali kulipia dawa inayomwafiki. Kwa sharti: picha ikionyesha uvimbe haupungui, malipo yanakoma. Jirani yao Bi Kijakazi, mwenye maradhi hayo hayo, hakuwa na bima. Aliposikia bei ya kipimo hicho alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, akarudi jikoni kwake.

"Baba, kombe lako."

"Liweke hapo, mwanangu. Nitie udhu kwanza. Nawe nenda kalale kidogo, umechoka."

Alichoka kweli. Darasani asubuhi, foleni ya hospitali mchana, na uongo wa alasiri juu yake. Aliporudi kuichukua bilauri, ilikuwa tupu, kama siku zote. Na mzee, kama siku zote, alikuwa amezidi kukonda.

Picha mpya ilitoka Jumatatu. Daktari aliitazama, akairudia.

"Uvimbe umekua, mwalimu. Dawa hii ndiyo yake kabisa, sielewi. Anaitumia kila siku?"

"Kila siku. Namtilia kwa mkono wangu."

"Basi bima watasimamisha. Pole sana."

Tuhfa alirudi nyumbani Chumbageni, vidonge vya mwisho vikigongana mkobani. Uani kulinukia maandazi, na nyuma ya ukuta mtu alikuwa akiimba huku akichoma. Ilimuudhi. Nani alikuwa na pumzi ya kuimba siku kama ile?

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona leo mikono mitupu? Kombe liko wapi?"

Hapo machozi yakamshinda. Akaketi ukingoni mwa kitanda cha baba yake, akalia waziwazi.

"Tuliache, baba. Tumejaribu, halikufai kitu."

Mzee Shehe akajiinua kwa kiwiko, ameshtuka.

"Halikunifaa mimi? Mimi hata kulionja sijalionja! Kitu cha baraka vile, nikinywe peke yangu na mwenzangu anakohoa nyuma ya ukuta?" Akamshika mkono. "Toka siku ya kwanza, ukishatoka, namwita Kijakazi mlango wa uani analinywa lote. Msikilize anavyoimba, mwanangu. Usimkatishie sasa."