Tumbo Nyuma ya Mgomba

Kikohozi kilisikika kwenye kona ya njia, na Walubengo akaruka nyuma ya mgomba. Mgomba ulimsitiri pua, kifua na magoti. Tumbo likabaki njiani peke yake.

"Yesu wangu!" mama mkwe akapiga ukelele, akajifunika uso kwa shuka na kurudi mbio alikotoka.

Hiyo ilikuwa mara ya pili. Miaka ile kabla ya vita vya Hitler, mwanamume wa Kibukusu na mama mkwe wake hawakutazamana kabisa. Mama akija kumlea mjukuu mchanga, alilala kibanda cha mbali, akakohoa kabla ya kupita, na mkwe akajificha. Wala mama hakuonja chakula cha nyumba hiyo mpaka atolewe ng'ombe wa kumfungua mdomo, na ng'ombe huyo Walubengo alikuwa hajampata. Kwa hiyo mama alikula kwa dada yake, ng'ambo ya kijito. Yote haya ni mepesi, mradi mkwe awe mwembamba.

Wiki hiyohiyo Eliakim, mjomba wa mkewe Nasimiyu, alifika kutoka Sirisia.

"Sikia, mkwe. Tumbo ni mtu. Mama akiona tumbo, ameona wewe. Akikuona mara ya tatu, Nasimiyu anafunga mizigo anarudi kwetu, yeye na mtoto."

Walubengo alimpenda Nasimiyu kupita kiasi, na Edah, mtoto wao wa kwanza, alikuwa ndio kwanza anaanza kucheka. Akaapa kulimaliza lile tumbo.

Alikuja nalo kutoka Kitale, alikokuwa mpishi wa mzungu. Mzungu alikula usiku, na mpishi akamaliza masalio usiku zaidi. Sasa alikuwa amerudi kwao karibu na Chwele na baiskeli na kofia nzuri, lakini mdomo wake bado ulifuata saa za Kitale.

Akakata shauri: jua likizama, hali kitu. Siku za kwanza zilikuwa mateso matupu. Aliliimbia tumbo nyimbo za kanisa mpaka mbwa akahamia kwa jirani. Na chakula chenyewe hakikuwa cha kuringia. Mvua ilikuwa imebeba daraja la magogo, kijito hakivukiki, Nasimiyu hafiki sokoni; wakawa wanakula ugali na maharagwe siku nenda siku rudi.

Ndipo chungu kikaanza kuleta maneno. Nasimiyu aliweka kiporo jikoni, maana mama anayenyonyesha huamka na njaa. Asubuhi akakuta chungu kimelambwa.

"Baba Edah, umekula tena."

"Mimi? Si nimelala, bwana!"

"Sasa ni nani? Edah? Hata meno hana."

Walubengo akanusa vidole vyake. Kusema kweli, kila alipolala aliota anakula. Mla ndotoni atajuaje mdomo umeishia wapi? Akaamua kujifunga mguu kitandani kwa kamba ya ng'ombe.

Asubuhi kamba ilikuwa imekaza vilevile, na chungu kilikuwa kitupu vilevile.

"Ati unajifungua, unakula, halafu unajifunga tena," Nasimiyu alisema, "na usingizi bado uko! Baba Edah, wewe ni mtu wa kuogopwa."

La ajabu zaidi, alizidi kukonda. Suruali ilimvuka mara mbili mbele ya watu. Wanaume wawili wanene wakaja kutoka Bokoli kuomba dawa, naye, akiwa Mkristo, akawaambia ukweli: "Mimi nakula chungu kizima usiku, basi." Wakaenda kujaribu, wakanenepa, wakaacha kumsalimia.

Walubengo aliona aibu mpaka akalia. Mwanamume mzima, mwizi wa kiporo cha mkewe!

Nasimiyu akaketi kando yake, mtoto begani. "Mimi niliolewa na wewe, sikuolewa na kiuno chako. Ukila umelala, ukila umeamka, wewe ni Baba Edah. Tupa hiyo kamba."

Akaitupa. Alilala vizuri, akaamka mapema kunawa uani. Katika maji ya beseni alimwona mtu mwenye shingo, kitu ambacho hakikuwapo zamani. Tumbo lilikuwa limebaki kidogo, limelegea. Alilipapasa bila hasira, kwa mara ya kwanza tangu arudi.

"Wewe na mimi tumetoka Kitale pamoja," akaliambia. "Kaa tu."

Hapo akasikia nyayo upande wa jikoni. Hakungoja kikohozi. Alichomoka, akapenya kati ya ukuta na ghala la mahindi, mahali ambapo mwezi uliopita hata mguu wake mmoja usingeingia. Alijibana kimya, na furaha ikampanda. Amefaulu! Mama mkwe atapita na hataona hata kifungo cha shati lake.

Kisha akageuza kichwa.

Mama mkwe alikuwa amechuchumaa kando yake, shuka mabegani, chungu katikati ya magoti. Walitazamana ana kwa ana. Mama alijaribu kukohoa, ikashindikana. Mdomo ulikuwa umejaa ugali.

"Baba Edah!" Nasimiyu aliita kutoka jikoni. "Chungu kimeenda wapi? Umekula tena?"

Mama mkwe alimtazama kwa macho ya kusihi, akasogea kidogo, akampisha akae vizuri.

"Ndiyo, Mama Edah," Walubengo akajibu kwa sauti kubwa. "Ni mimi. Na kesho pika kingi."