Msusi Asiye na Kifua

Mwatumu alikuwa msusi, na mji mzima ulijua kwamba hana kifua. Siri ikiingia sikioni mwake asubuhi, adhuhuri iko sokoni. Kwa hiyo alishangaa siku Bi Mize, mwosha maiti, mwanamke asiyependa maneno na watu, alipokuja kuketi mbele yake asukwe.

"Jana nilimwosha Mwanakombo," Bi Mize alinong'ona. "Nilipomshika mkono, alinibana kidole. Mumewe alikuwa amesimama mlangoni. Akaniambia, 'Maliza kazi yako.' Nikamaliza, wakaenda kumzika."

Vidole vya Mwatumu viliganda kwenye nywele za mama yule. "Mbona unaniambia mimi, bibi?"

"Kwa sababu mimi namwogopa yule bwana. Na wewe huwezi kunyamaza."

Mwatumu alimwacha na kichwa nusu hakijasukwa, akatoka mbio. Alisema sokoni, akasema bombani, akasema mpaka barazani kwa wanaume. Watu walimfuata makaburini kundi zima, lakini walipofika hakuna aliyethubutu kuugusa udongo ule mbichi. Wakasimama mbali, wameshikana mikono.

Mwatumu akapiga magoti peke yake, akalaza sikio juu ya kaburi.

"Sema basi!" watu wakapiga kelele. "Mwatumu, unasikia nini?"

Alijiziba mdomo kwa kiganja, akakaza, na kwa mkono wa pili akaanza kufukua.