Mama wa Mtuhumiwa

Kusababisha madhara makubwa mwilini.

Maneno manne. Mama aliyashika kichwani njia nzima, akiyarudia chini kwa chini kama mtoto aliyetumwa dukani anayeogopa kusahau alichoagizwa. Karatasi yenyewe ya mashtaka polisi walikataa kumpa. Tangu asubuhi alikuwa ameshafukuzwa kwenye milango miwili. Huu wa ofisi ya msaada wa sheria ulikuwa wa tatu, na alipoufikia kitambaa cha kichwa kilikuwa kimemteremka shingoni wala hana habari.

Wakili alikuwa binti mdogo mwenye mafua. Alimvutia kiti, akampa maji, akafungua daftari.

"Ni mwanao aliyekamatwa, mama?"

"Ndiyo. Kifungua mimba wangu. Fundi seremala."

"Na aliyeumia?"

"Seremala vilevile. Wanafanya kazi meza moja."

"Wanajuana siku nyingi?"

"Tangu wadogo."

Wakili akaandika: marafiki.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Mlango wa mteja ulikatwa ukapungua vidole viwili. Kila mmoja akasema mwenzake ndiye aliyepima. Neno likazaa neno, mwanawe akamsukuma mwenzake, naye akaangukia msumeno wa mashine ukiwa bado unazunguka. Ulimkuta pajani. Majirani wakamkimbiza hospitali. Polisi walipofika walimkuta aliyesukuma ameketi kwenye unga wa mbao, hajakimbia, hajanawa mikono.

"Alikusudia kumwangusha kwenye msumeno?"

"Alisukuma tu, binti yangu. Hasira zake moto wa karatasi. Huwaka, zikazimika."

"Basi hapo ndipo tutakaposhika," wakili alisema. "Kukusudia ni jambo moja, bahati mbaya ni jingine. Ana haki ya kuelezwa shtaka kwa lugha anayoielewa. Ana haki ya kunyamaza. Asiseme lolote mpaka nifike. Na ana haki ya kuombewa dhamana."

Mama aliitikia kila haki kwa kichwa. Zilikuwa nyingi, na bado mtoto alikuwa ndani.

"Msumeno haukuwa na kinga?"

"Iling'oka. Marehemu mume wangu alikuwa airudishe, kifo kikamtangulia."

"Kwa hiyo sasa karakana ni ya nani?"

"Yangu."

Wakili akaweka kalamu chini. "Mama, nikuambie ukweli. Majeruhi anaweza kukudai fidia wewe mwenyewe. Mashine ni yako, kinga hakuna, mtu kaumia kazini."

"Hawezi kunidai."

"Wote husema hivyo. Lakini mtu akishalala kitandani, ndugu zake ndio humtia maneno."

Ipo aibu ambayo mtu haitoi mbele ya mgeni, hata mgeni akiwa mwema. Mama alitazama saa ya ukutani, akauliza alichokuwa anakiogopa tangu aingie.

"Na akifa?"

"Akifa shtaka linageuka. Linakuwa la kuua." Wakili alipenga kamasi, akashusha sauti. "Kwa hiyo, mama, ukimwombea mwanao, mwombee na yule mwingine."

"Namwombea tangu asubuhi. Huyo ndiye ninayeanza naye."

Wakili alimtazama kwa mshangao kidogo. Aliowazoea humo ofisini hawakuwa na dua za upande wa pili.

"Jambo la mwisho. Usiende hospitali. Utaonekana umekwenda kumshawishi shahidi, na mwanao ndiye atakayeumia."

"Nimekusikia, binti yangu."

Alimshukuru, akashuka ngazi akishika ukuta, akaenda moja kwa moja hospitali.

Kwenye ukumbi wa wodi ya upasuaji askari alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki. Ndiye yule yule aliyekuwa kaunta ya kituo asubuhi, na alimtambua kabla hajafika.

"Mama, wewe si wa yule kijana tuliyemkamata? Hapa si mahali pako."

"Naomba nikae tu, afande. Sitasema na mtu."

"Kaa kule mwisho. Ukisogea mlangoni nitakutoa."

Alikaa. Wanawake wawili waliokuja kuona mgonjwa wao walikuwa wameshaipata habari ya msumeno, kama habari zinavyopatikana hospitali. Walimpima kwa macho toka miguuni hadi kichwani.

"Mwanawe kakata mtu," mmoja alisema, wala hakunong'ona. "Naye kaja kuchungulia kama keshakufa."

"Hana haya," wa pili akajibu.

Mama aliyasikia. Alikunja mikono mapajani, akaendelea na dua yake pale alipoachia. Kila mlango ulipogonga ukuta aliinua macho, na kila aliyetoka alipita bila kumwangalia.

Ilipogonga saa sita muuguzi alitoka mbio, karatasi mkononi, barakoa imening'inia sikio moja.

"Yupo ndugu wa mgonjwa wa msumeno? Mguu hauokoki. Usipokatwa sasa hivi tunampoteza, na mwenyewe hajitambui. Nahitaji ndugu wa kutia sahihi."

Mama alisimama.

"Kaa chini, mama," askari alisema, naye akainuka. "Ameitwa ndugu wa mgonjwa."

Hakukaa. Alimpita, akapokea kalamu, akaiegemeza karatasi ukutani. Alitia sahihi. Palipoulizwa uhusiano wake na mgonjwa, aliandika: mama mzazi.